Wasomaji wauliza: Filamu ya Kihindi iliyokataa kutorosha bibi harusi

Toleo lililopita tuliitaja kwa mistari miwili tu Dilwale Dulhania Le Jayenge, filamu ya Kihindi iliyotoka tarehe 20 Oktoba 1995, na maswali yakamiminika kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Mumias hadi Busia. Kwa ambaye hajaiona: Simran (Kajol) ni binti wa mwenye duka jijini London. Baba yake alishamwahidi mtoto wa rafiki yake huko Punjab tangu Simran akiwa mdogo. Kabla ya kuolewa, anaomba mwezi mmoja wa kuzunguka Ulaya kwa treni na wenzake, na safarini anakutana na Raj (Shah Rukh Khan), kijana wa tajiri, mwingi wa utani, aliyeanguka mtihani. Wanapendana. Baba akisikia, anaipakia familia nzima kwenda Punjab ili harusi iharakishwe. Raj anafuata. Jina la filamu maana yake ni kwamba mwenye moyo ndiye atakayemchukua bibi harusi. Jina hilo lilipendekezwa na mwigizaji Kirron Kher, na filamu yenyewe inamshukuru kwa hilo kwenye orodha ya majina.

Filamu za mapenzi za Kihindi ni nyingi kama omena ziwani. Kwa nini hii ndiyo watu hawaachi kuizungumzia? Ina nini ambacho nyingine hazina?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Ina uamuzi mmoja wa mwandishi, na mengine yote yametoka hapo. Katika filamu nyingi za mapenzi zilizotangulia, wazazi wakikataa, vijana hutoroka. Ek Duuje Ke Liye ya 1981 na Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988 zote ziliishia kwenye vifo vya wapendanao, na watazamaji walizoea kulia hivyo. Hapa Simran anamwambia Raj watoroke. Mama yake (Farida Jalal) anakwenda mbali zaidi: analeta vito vyake mwenyewe na kuwasihi waondoke usiku huohuo. Raj anavirudisha. Anataka kumpokea Simran kutoka mkononi mwa baba yake, au asimchukue kabisa.

Mwandishi akishaamua hivyo, amejinyima vitu rahisi vyote vya filamu ya mapenzi. Hakuna kutoroka wala mbio za magari, na hakuna kasisi wa kufungisha ndoa ya siri. Nusu nzima ya filamu lazima ajaze kwa mgeni anayeishi nyumbani kwa watu ambao hawajui amefuata nini. Hapo ndipo ufundi ulipo. Raj anajifanya rafiki wa bwana harusi ili apate mlango wa kuingilia. Anawasaidia wanawake shughuli za harusi, anamfanya shangazi acheke, anapendwa na nyanya yake Simran, na alfajiri anakwenda kuwalisha njiwa pamoja na baba mtu. Kila tendo linamleta karibu mtu mmoja wa nyumba ile, na baba anaachwa wa mwisho. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari huku kwetu anajua kwamba shangazi asipokutaka, maneno ya wazee hayafiki mbali.

Jambo la pili ni watu waliopewa nafasi hizo. Shah Rukh Khan alikuwa ametoka kuwa adui: aliua katika Baazigar, akamwandama msichana katika Darr, zote za 1993, na mwaka wa 1994 akarudia ukali huohuo katika Anjaam. Baba, Baldev Singh, aliigizwa na Amrish Puri, ambaye India nzima ilimjua kama adui Mogambo wa Mr. India ya 1987. Kwa hiyo mtazamaji wa 1995 aliona watu wawili wa kuogofya wakimgombania msichana mmoja, akangoja damu. Stelingi alipokataa kutumia nguvu, ilikuwa habari mpya. Mwigizaji mpole tangu mwanzo asingeuleta mshtuko huo.

Aliyeandika na kuelekeza alikuwa Aditya Chopra, umri wake miaka 24, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, ingawa alikuwa amemsaidia baba yake, mwelekezi Yash Chopra, katika filamu kadhaa. Wazo lake la awali lilikuwa kijana Mmarekani na msichana Mhindi, na alimfikiria Tom Cruise. Baba yake akalikataa. Tunaona mzee alikuwa sahihi kabisa. Bwana harusi akiwa Mzungu, swali lingegeuka kuwa la rangi na dini. Raj ni Mpunjabi kama wao, kwa hiyo kinachobaki ni ruhusa tu: je, neno la baba lina uzito kuliko moyo wa binti?

Wakati nao ulisaidia. India ilikuwa imefungua uchumi wake mwaka wa 1991, na Hum Aapke Hain Koun..! ya 1994 ilikuwa imezirudisha familia nzima sinema. Filamu hii ikawapa heshima Wahindi wa ng'ambo, ambao filamu nyingi za zamani ziliwaonyesha kama watu waliopotea. Hilo lilisikika hadi Kisumu na Nakuru, kwenye familia ambazo wazee wao walifika zama za reli, iliyogusa ziwa mwaka wa 1901, na ambazo leo zina ndugu London na Leicester. Baba mwenye duka anayeamka alfajiri akiota mashamba ya nyumbani hakuwa mgeni kwao.

Mimi napiga video za harusi. Maharusi wanataka wimbo wao "kama ule wa shamba la maua ya manjano". Tumejaribu mara mbili. Mwanzo wa wimbo midomo inalingana na sauti, lakini dakika ya tatu vimeachana. Na picha zikipunguzwa mwendo midomo inakuwa kama ya samaki. Nakosea wapi?
*Mpiga video, Kakamega*

Unakosea mahali pawili tofauti, tuanze na la kwanza. Midomo ikipishana na sauti kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hapo umeibandika sauti vibaya, isogeze tu. Lakini ikianza sawa kisha ikazidi kuachana, tatizo ni kasi. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, inayobadilikabadilika kila sekunde, hasa mwanga ukipungua au simu ikipata joto. Programu ya kuhariri inadhani ni 30 kila sekunde, kumbe mara ni 28, mara 30. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga idadi ya fremu, au ubadilishe faili kuwa ya kasi thabiti kabla hujaanza kuhariri. Funga 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ukiingia ukumbini hutapata michirizi ya taa inayotambaa kwenye picha.

Nyimbo za filamu hizi hurekodiwa studio kwanza. Siku ya kupiga picha wimbo hutoka kwenye spika, na mwigizaji hufuata kwa midomo. Fanya hivyohivyo, na spika iwe karibu na maharusi, isiwe karibu nawe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 34 mbali kwa picha pana, kamera inaisikia sauti ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo ni fremu mbili na nusu, ilhali midomo inaiona papo hapo. Kwa hiyo ukilinganisha wimbo safi na sauti iliyonaswa na kamera, usogeze wimbo uanze fremu mbili au tatu mapema kwa kila picha ya mbali. Wengi hawalijui hili, wanalaumu simu.

Sasa mdomo wa samaki. Mwendo wa pole wenye midomo sahihi hautengenezwi kwenye kompyuta peke yake. Rekodi kwa fremu 50 na uucheze wimbo kwa kasi mara mbili, maharusi waimbe upesi kuufuata. Ukihariri kwa 25, picha inapungua mwendo nusu, midomo inarudi kwenye kasi ya wimbo wa kawaida, na nywele na nguo zinaelea. Hapo itupe ile sauti ya haraka, uweke wimbo halisi. Usifanye hivyo kwa ubeti wenye maneno mengi, maana hakuna mdomo unaoweza kuyatamka kwa kasi mara mbili. Chagua mstari wenye irabu ndefu, na uwape maharusi nafasi ya kujaribu mara tatu au nne kabla ya kurekodi.

Kuhusu shamba: yale maua ni ya haradali, jamaa wa sukuma wiki. Ukiiacha sukuma wiki bila kuvuna itakutolea maua ya manjano yaleyale, ila ni nani atakayekupa ekari nzima ya sukuma ichanue tu? Alizeti ndiyo rahisi kupata upande wetu. Kumbuka alizeti iliyokomaa huelekea mashariki na haigeuki tena. Saa moja hadi saa tatu asubuhi simama mashariki mwa maharusi ukitazama magharibi. Utapata nyuso za maua na nyuso za watu zikiwa na mwanga. Jioni ukisimama hapohapo jua litakuwa nyuma yao, nywele zitapata ukingo wa dhahabu, ila nyuso zitahitaji kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga. Saa nne na nusu hadi saa tisa alasiri msipige kabisa. Kwetu jua liko utosini na macho yanageuka mashimo.

Shamba likiwa dogo, rudi nyuma na utumie lenzi ndefu, kamera iwe kimo cha maua. Robo ekari itaonekana haina mwisho. Na mlipe mwenye shamba kabla ya kukanyaga njia ya kupitia.

Nina kibanda cha kuonyesha filamu. Nimeelezwa filamu hii ni dakika 189, lakini diski yangu inasoma 181. Wateja wanadai nimewakatia.
*Mwenye kibanda, Shabab, Nakuru*

Hujamkatia mtu. Filamu ya sinema hupita fremu 24 kila sekunde. Diski za mfumo wa televisheni unaotumika Kenya huenda 25, na watengenezaji huiharakisha filamu ili ilingane. Chukua 189, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25: unapata dakika 181 na nusu hivi. Kila fremu imo. Sauti ndiyo inapanda kidogo, na mwenye sikio atasikia waimbaji wako juu kuliko kwenye kaseti ya zamani.

Ikisoma chini ya 181, hapo kuna kilichokatwa. Na kama una zile diski za VCD, kila moja hubeba kama dakika 74 hadi 80, kwa hiyo filamu hii lazima iwe diski tatu. Ukiuziwa mbili umeuziwa pungufu. Nakala ya DVD iliyobanwa kwenye diski moja ya gigabaiti 4.7 itaonyesha viraka kwenye picha za shamba, kwa sababu maua maelfu yanayotikisika hula data nyingi kuliko uso uliotulia.

Enzi za mikanda kazi ilikuwa nzito zaidi. Dakika 189 ni futi 17,010 za mkanda wa milimita 35, zaidi ya kilomita 5. Rili moja ya futi 2,000 huenda dakika 22, kwa hiyo mwonyeshaji alihitaji rili kama tisa au kumi na mashine mbili za kupokezana. Alama ndogo ya duara ilitokea pembeni juu kulia: ya kwanza kuwasha injini ya mashine ya pili, na ya pili, sekunde chache baadaye, kubadili. Mkanda ukikatika, fundi aliunga na kupoteza fremu kadhaa, na ndiyo maana nakala iliyozunguka sana iliruka katikati ya wimbo.

Tena, kuonyesha filamu kwa kulipisha kunahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya na ruhusa ya mwenye haki. Kununua diski dukani hakukupi ruhusa hiyo.

Binti yangu anasoma Zürich na anataka kuona mahali filamu ilipigwa. Je, ni kweli yale mashamba na ile stesheni ya mwisho viko Punjab?
*Mama msomaji, Milimani, Kisumu*

Upande wa Uswisi, mama, binti ana bahati, kwa sababu sehemu kubwa ziko kwenye reli moja. Kutoka Zürich apite Bern na Spiez hadi Zweisimmen, ambako stesheni yake imo kwenye filamu. Hapo apande treni ya reli nyembamba ya mlimani iendayo Montreux: itapita Gstaad, kisha Saanen, halafu Montbovon. Saanen ndiko kuna daraja dogo ambalo mashabiki hupanga foleni kupigiwa picha. Akitoka alfajiri atarudi siku hiyohiyo. Akipata siku ya pili aende Interlaken, ambako mwaka wa 2016 ilisimamishwa sanamu ya Yash Chopra, aliyeitayarisha filamu hii, kwa jinsi alivyoitangaza nchi hiyo.

London, mwanzo kabisa wa filamu, baba analisha njiwa Trafalgar Square. Hilo asijaribu, kuwalisha njiwa pale kumepigwa marufuku tangu 2003.

Mashamba ya wimbo wa haradali yalikuwa Gurgaon, jimbo la Haryana, jirani na Delhi. Stesheni ya mwisho ni Apta, stesheni ndogo jimbo la Maharashtra, karibu na Panvel, nje kidogo ya Mumbai, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Punjab. Mtayarishaji wa Mumbai anayehitaji stesheni tulivu, treni ya kurudisha nyuma na kuendesha tena, na waigizaji wengi waliolala kwao, hawezi kuipeleka kazi hiyo mbali bila gharama kuongezeka kila siku. Reli ni reli. Kinachoifanya iwe Punjab ni vilemba, mavazi na lugha.

Nataka kupakwa hina kama ya kwenye ule wimbo wa harusi. Ya dukani ilinitoa rangi ya chungwa hafifu, na rafiki yangu aliyepakwa nyeusi alitoka malengelenge. Inachanganywaje?
*Bibi harusi mtarajiwa, Mumias*

Wimbo huo, Mehndi Laga Ke Rakhna, umeimbwa na Lata Mangeshkar na Udit Narayan, na mehndi ni hina hiihii yetu. Tuanze na rafiki yako: ile nyeusi ni piko, dawa ya kupaka nywele iliyotiwa kemikali kali. Hina halisi haitoi weusi kamwe. Aliyewahi kutoka malengelenge asiguse piko tena, wala dawa nyeusi ya nywele, maana mara ya pili mwili hukasirika zaidi.

Chekecha gramu 100 za unga wa hina mbichi, wa kijani, wenye harufu ya majani makavu. Ukiwa wa kahawia umezeeka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya chungwa hafifu. Tia kidogokidogo mililita 250 za maji ya ndimu au chai ya rangi iliyopoa, ongeza hadi ifanane na maziwa mala mazito. Weka sukari vijiko viwili vya mezani ili ishike ngozi isipasuke, na mafuta ya kunukia ya lavenda vijiko viwili vya mezani, ambayo ndiyo husaidia rangi kukolea. Petroli na mafuta ya taa, ambayo wengine hutia, yanachoma ngozi.

Funika. Kwa joto la Mumias au Kisumu, saa sita hadi nane zinatosha. Nakuru au Kericho ilaze usiku kucha karibu na jiko. Utajua iko tayari ukipaka tone kwenye kiganja, ukalifuta baada ya dakika tano, likaacha doa la chungwa. Ikipita siku mbili kwenye joto inakufa.

Paka siku mbili kabla ya harusi. Iache saa sita hadi nane, uiguse kwa pamba yenye ndimu na sukari inapoanza kukauka. Ikwangue, usiioshe, na mikono isiguse maji hadi kesho yake. Siku ya kwanza itakuwa ya chungwa na utaogopa. Usiogope; baada ya saa 48 inakuwa kahawia iliyoiva, viganjani zaidi kuliko mgongoni mwa mkono. Mtoto mchanga asipakwe kabisa.

Kwa nini Simran anafunga siku nzima na kujifanya amezimia?
*Msomaji, Kericho*

Ni siku ya Karva Chauth. Wanawake wa Kihindu walioolewa hufunga bila chakula wala maji tangu macheo hadi mwezi uchomoze, wakiwaombea waume zao. Mwezi ukionekana, huutazama kupitia chekeche, kisha mume humpa mke maji ya kwanza. Simran anatakiwa kuyapokea maji kutoka kwa mchumba aliyechaguliwa na baba. Akizimia, Raj ndiye anayewahi kumnywesha, na desturi imetimia kwa mwingine mbele ya macho ya wote bila wao kujua. Maji kidogo tu, na hakuna neno lililosemwa.

Wahindi wanasema filamu iligharimu "crore 4". Hizo ni pesa ngapi, na kweli ilirudisha nini?
*Mwalimu wa biashara, Nakuru*

Neno laki tunalo katika Kiswahili: elfu 100. Crore ni laki 100, yaani milioni 10. Kwa hiyo crore 4 ni rupia milioni 40, zaidi kidogo ya dola milioni moja kwa kima cha wakati ule. Mauzo ya tiketi duniani yalifika takriban rupia bilioni moja, kubwa kuliko filamu yoyote ya Kihindi ya mwaka ule. Ni karibu mara 25 ya gharama.

Lakini mwalimu, waonyeshe wanafunzi wako kwamba bilioni hiyo haikuingia mfuko mmoja. Kwanza ilitoka kodi ya burudani, ambayo katika majimbo mengine ya India ilikuwa kubwa. Kisha mwenye ukumbi, kisha msambazaji aliyenunua haki za eneo lake, na mtayarishaji akapata kilichosalia. Upande wa pili kulikuwa na kaseti, ambazo hazimo kwenye hesabu ya tiketi. Nyimbo saba za Jatin-Lalit, kwa mashairi ya Anand Bakshi, ziliuzwa kwa mamilioni.

Tuzo pia: 10 za Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, rekodi kwa wakati ule, zikiwemo za filamu bora, mwelekezi, mwigizaji wa kiume na wa kike. Ya muziki ilikwenda kwa A. R. Rahman na Rangeela. Amrish Puri aliteuliwa akakosa, na hilo tunaona halikuwa haki, kwa sababu bila uso wake filamu haina mwisho.

Ni kweli bado inaonyeshwa?
*Msomaji, Webuye*

Ukumbi wa Maratha Mandir, Mumbai, umekuwa ukiionyesha tangu 1995. Desemba 2014 ilitimiza wiki 1,000. Februari 2015 ilitangazwa kwamba imefika mwisho, mashabiki wakalalamika, ikarudishwa. Janga la korona liliisimamisha mwaka wa 2020, kisha ikaendelea. Ni onyesho la saa tano unusu asubuhi, kwa bei ndogo, na ukumbi uko jirani na stesheni ya Mumbai Central. Msafiri anayengoja treni ya jioni ana saa tatu za kukaa penye kivuli na nyimbo.

Kikundi chetu cha vijana tunaandika filamu fupi. Tunataka mwisho kama ule wa treni, lakini hatuna treni. Ule mwisho umejengwaje?
*Kikundi cha uigizaji, Busia*

Umejengwa kwa sehemu tatu tu. Mlango wa behewa, ambapo Raj, uso una damu, amenyosha mkono. Jukwaa la stesheni, ambapo Simran anavuta kumfuata. Na kifundo cha mkono wa Simran, kilichoshikwa na baba. Filamu inarudi kwenye sehemu hizo kwa zamu, na treni haisimami.

Hesabu muda wenu kwanza. Chombo kinachokwenda kilomita 10 kwa saa hupita jukwaa la mita 200 kwa sekunde 72. Kwenye skrini mnaweza kuzirefusha hadi dakika mbili kwa kurudia picha za nyuso, lakini mkizidi hapo mtazamaji ataanza kujiuliza hicho chombo kinakwenda wapi kisifike. Chagueni upande mmoja wa mwendo, tuseme kushoto kwenda kulia, na kamera isivuke ng'ambo ya pili hata mara moja. Mkivuka, chombo kitaonekana kinarudi.

Treni si lazima. Boti inayoondoka Sio Port inafaa, hata zaidi, kwa sababu maji yanapanuka kati ya watu wawili na kila mtu anaona pengo likikua. Wote waliomo wavae jaketi za kuokolea, mzifiche chini ya leso au makoti. Nahodha aende polepole. Mwendo mtautengeneza kwa kukata picha na kwa mlio wa injini unaopanda. Piga boti nzima ikiondoka mara tatu, kisha boti ifungwe gatini mpige nyuso na mikono kwa utulivu.

Kinachoharibu mwisho wa namna hii mara nyingi ni baba anayeachilia bila sababu. Baldev Singh ameshamwona kijana huyu akiwalisha njiwa, ameshamwona akipigwa bila kurudisha kofi lake yeye mzee. Kwa hiyo kabla ya siku ya gati, mwandikieni baba wenu mahali pawili pa kumwona kijana akifanya jambo jema ambalo halimpi faida. Siku ya gati baba asihutubie. Mpige uso wake, halafu mkono wa binti ukivutwa, halafu uso wake tena, mrefu kuliko mnavyodhani unahitajika, sekunde nne au tano. Kisha vidole. Mwambieni mwigizaji avifungue kimoja kimoja, na kamera ikae hapo hadi mkono wa binti utoke kwenye picha na kiganja cha mzee kibaki wazi.